Jeni ya Lengalenga

Lubumbashi, Hewa Bora
3 Aprili 2024

Mama yangu Mujinga,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Nzanzu, dereva wa lori la samaki, ameahidi kukufikishia barua hii mkononi huko Kasenga na kuniletea ya kwako. Ni mtu wa Butembo, hana maneno mengi. Haitafunguliwa njiani.

Mimi ni mzima. Mémoire yangu, tasnifu ya shahada ya licence, ilikuwa inakaribia kwisha mpaka Jumanne iliyopita. Sasa nimeona kitu, na siwezi kujifanya sikukiona.

Unaujua mradi wa Profesa Casimir, promoteur wangu, anayesimamia kazi yangu. Mradi umewagawia akina mama wa Kasungami mbegu mpya ya lengalenga, mchicha wetu. Udongo wa mashamba yale umeshiba madini, hasa kadimiamu, sumu inayoingia kwenye figo za mtu na kukaa humo miaka mingi. Mradi unasema mbegu hii ina jeni inayofungia kadimiamu kwenye mizizi, kwa hiyo majani ni salama kuliwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika sura moja tu, ya kuieleza jeni hiyo.

Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya mmea. Ukitaka kujua linaagiza nini, unachukua herufi zake na kuziingiza kwenye hifadhidata, yale maghala ya intaneti ambamo watafiti wa dunia nzima wanaweka jeni walizozisoma. Ghala linakutafutia ndugu zake, yaani jeni zinazofanana nayo. Ukimpata ndugu ambaye kazi yake inajulikana, unakisia kwamba na huyu wako anafanya ileile. Lakini Mama, watoto wa tumbo moja hawafanyi kazi moja. Katika ukoo huu, mmoja anaifungia kadimiamu mizizini. Mwingine, anayefanana naye kama pacha, anaibeba na kuipandisha kwenye majani.

Mradi ulichukua jina la kwanza lililojitokeza. Mimi nililifuata jina hilo lilikotoka. Liliwekwa na mashine. Mashine ililinakili kutoka kwa jeni nyingine, ambayo jina lake nalo lilinakiliwa kutoka kwa nyingine tena. Nilirudi nyuma hatua tano, na mwisho wake hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kupima chochote. Basi nikalinganisha herufi upya na zile jeni ambazo watu walizipima kwa mikono yao. Jeni yetu iko upande wa wapandishaji.

Kesho namwambia Profesa.

Binti yako,
Kapinga


Kasenga
14 Aprili 2024

Moyo, nakusalimia ya kwetu, mutoto wangu Kapinga,

Barua yako ilifika. Nzanzu alinipatia ku soko, mbele ya samaki. Nilisoma mara mbili. Bintu ya jeni sikusikia yote, lakini ya mwisho nilisikia muzuri: unaenda kumuambia Professeur kama alikosa.

Kapinga, uache. Wakati papa yako alikufa, njo yeye alikupokea. Njo yeye alisimama juu yako kule faculté, ku chuo. Iko muntu wa kwetu, tunasali naye kanisa moja. Muntu akikubeba ku mugongo, haumuumi shingo.

Na kingine. Sisi bantu ya Kasai tunaishi huku na kichwa chini. Usiniulize sababu. Tangu uko mudogo nilikukataza kuuliza, na leo nakukataza tena. Mugeni akisema mingi, banamuonyesha njia ya gare, apande treni.

Kama umeshamuambia, umuombe pardon, akusamehe. Kama haujamuambia, unyamaze, umalize mémoire, upate diplôme yako. Kisha utasema yote unataka.

Mimi niko muzima. Samaki inatoka kidogo tu, maji iko juu.

Mama yako


Lubumbashi, Hewa Bora
2 Mei 2024

Mama,

Nilishamwambia kabla barua yako haijafika, na pardon sikuomba.

Nilimpa karatasi zangu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanitazama juu ya miwani.

“Kapinga, uliona wapi mwanafunzi wa licence anasahihisha hifadhidata? Mashine imesema.”

“Mashine imekisia, Professeur.”

“Na wewe unakisia.”

“Ndiyo. Njo maana naomba tupime majani.”

Alifungua ukurasa wa pili, Mama, na nikadhani atakubali. Kisha akaniambia maneno ambayo sitayaficha, kwa sababu yana ukweli ndani yake. Akasema wale akina mama hawakuwa na kitu, mbegu hii inaota haraka, inauzika, na mtu akiua mradi kwa ajili ya shaka ya mtoto mmoja, nani atarudi Kasungami kuwasaidia? Akasema wageni wa mradi, wanaotoa pesa, wanakuja mwezi wa saba. Akanirudishia karatasi.

“Toa ukurasa wa jeni.”

“Sitoi.”

“Basi hautapata signature yangu.”

“Basi mémoire itakaa bila signature.”

Nilitoka na karatasi zangu zote, ukurasa wa jeni ukiwa ndani.

Umesema mimi ni mgeni. Mimi nilizaliwa Hewa Bora, nikachanjwa Hewa Bora, na matusi yote ya Kibemba ninayoyajua nilifundishwa barabara ya Hewa Bora. Nikiambiwa niende gare, nitauliza treni inaenda kwetu gani.

Profesa amesema kweli jambo moja: na mimi ninakisia. Hifadhidata inaonyesha kidole tu, ushahidi uko kwenye jani. Kwa hiyo nilikwenda Kasungami kwa Mama Mwaba, kiongozi wa ushirika wa akina mama wa mboga. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Hakucheka. Aliniuliza swali moja: “Bajukuu yangu banakula hii kila siku. Utajua lini?” Siku ileile akapima kwa hatua matuta mawili yaliyo jirani, yenye udongo mmoja na maji mamoja. Moja atapanda mbegu ya zamani, la pili mbegu ya mradi. Tutakata wiki ya tano.

Na Nono, niliyesoma naye, siku hizi anafanya kazi kwenye labo inayopima mawe ya madini. Anasema mashine yake haijui tofauti ya jiwe na jivu la mboga. Mkubwa wake amekubali.

Usiniombee ninyamaze. Niombee nisiwe nimekosea hesabu.

Kapinga


Lubumbashi
13 Mei 2024

Kwa Mademoiselle Kapinga Christiane
Nakala: Mama Mujinga, Kasenga

Binti,

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisi, ili mama yako naye asome bila mkalimani.

Nimepokea barua yako ya tarehe 20 Aprili, ambamo unaomba radhi kwa utovu wa heshima, unakiri kwamba ulinganisho wako wa jeni ulifanywa kwa haraka, na unaahidi kuuondoa ukurasa ule katika mémoire. Barua hiyo imenigusa. Inaonyesha kwamba malezi mema hayapotei.

Hata hivyo nasikia bado unazunguka Kasungami na kuwapa akina mama wasiwasi. Sielewi. Je, aliyeandika barua ile na anayezunguka mashambani ni mtu mmoja?

Nakupa nafasi ya mwisho. Kazi yako ikiletwa bila ukurasa ule, utafanya défense, yaani kuitetea kazi hiyo, mwezi wa tisa. La sivyo, barua yako nimeihifadhi, na nitaiweka mbele ya jury, jopo la watahini, ili ieleze yenyewe ni nani anayebadilisha maneno.

Wako katika elimu,
Profesa Casimir


Lubumbashi, Hewa Bora
15 Mei 2024

Mama,

Sikuandika barua yoyote tarehe 20 Aprili.

Nilikwenda kwa sekretari wa Profesa nikaomba kuiona. Jina langu lipo chini. Mwandiko ni wako.

Sina la kuongeza.

Kapinga


Kasenga
24 Juni 2024

Kapinga,

Wiki tano hauandiki. Nzanzu anapita, namuuliza na macho, anatikisa kichwa. Mara ya mwisho alinisikilia huruma akasema, “Mama, anaendelea, anapanda na kumwagilia.” Njo habari yote nilipata ya mutoto wangu, kwa dereva.

Njo mimi niliandika. Professeur alinipigia simu. Alisema, “Mujinga, mutoto wako atapotea, tusaidie.” Akaniambia maneno ya kuandika, nikaandika. Nilitia jina yako sababu mimi njo nilikufundisha kuliandika, nikafikiri iko yangu pia. Haiko yangu. Nimejua hivi wakati nilisoma barua yako ya mistari kidogo.

Sasa nitakuambia kile nilikukataza kuuliza. Hii haiko ya kujitetea.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na mbili. Tulikuwa Likasi. Papa yangu alikuwa fundi wa umeme, muntu wa kelele, ku quartier, ku mutaa yetu, bote banamujua na kicheko yake. Bantu ya Katanga balisema bantu ya Kasai barudi kwabo. Papa alisimama mbele ya mulango akauliza, “Kwetu wapi? Hii nyumba nilijenga na mikono yangu.” Balimupiga pale mbele yetu. Tukalala ku gare miezi mbili, kungojea treni, bantu elfu na elfu chini ya bâche ya turubai. Mudogo yangu Aaron alikuwa na miaka ine. Alianza kuhara. Tulimuzika pembeni ya reli, mama yangu akamufunika na kitambaa yake ya kichwa. Papa yangu hakupandisha sauti tena mpaka siku alikufa. Kisha tulirudi Katanga, juu hatukuwa na pengine, na mimi nikajifunza: anayeuliza swali mbele ya mulango, anazika mutoto.

Njo kitu iko ndani yangu wakati nakuambia unyamaze. Nilikulea na hii kitu bila kukuonyesha, na nikakasirika wakati ulikataa kuibeba.

Usinijibu kama hautaki. Lakini nielezee tena ile jeni, pole pole. Kuna muntu ku soko alinionyesha samaki mbili sura moja, akasema iko moja, na mimi niliona ile ya pili iko na miba ya sumu. Nadhani nimeanza kusikia.

Mama yako


Lubumbashi, Hewa Bora
22 Julai 2024

Mama,

Nimesoma kuhusu mjomba Aaron mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote cha chuo. Nina hasira nawe bado. Vilevile nilitamani uwe karibu nikushike mkono. Vyote viwili vipo, sijui nitaanza na kipi, kwa hiyo naanza na lengalenga.

Umeelewa, Mama. Samaki wako wawili ndio jeni yangu. Sura moja, kazi mbili. Aliyekuonyesha alitazama sura, wewe ulitazama miba.

Tulikata majani, pamoja na mizizi yake, tarehe 19 Juni, mimi na Mama Mwaba na wenzake wanne. Tukayaosha, tukayakausha, tukaandika namba kwenye mifuko bila kuandika ni ya tuta gani, ili Nono asijue anachopima. Nono akayachoma kuwa jivu na kuyapitisha kwenye mashine mara tatu. Majani ya mbegu ya mradi yana kadimiamu mara sita ya majani ya mbegu ya zamani. Mara sita, udongo mmoja, maji mamoja! Na mizizi ya mbegu ya mradi ndiyo iliyokuwa karibu tupu. Inapandisha yote.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya labo nikawafikiria wajukuu wa Mama Mwaba.

Nilimpelekea Profesa matokeo. Hakunijibu. Nikawapelekea wageni wa mradi kwa e-mail, nao hawakujibu. Basi Mama Mwaba akasema, “Sisi tutajibu.”

Wageni walikuja tarehe 18 mwezi huu, magari matatu, turubai, hotuba. Profesa alisema kwa Kifaransa kwamba Kasungami ni mfano wa sayansi inayowalisha watu. Alipomaliza, akina mama wakaleta chakula. Bukari, ugali wa moto, na kila sahani lengalenga ya mbegu ya mradi, imepikwa vizuri kwa karanga, inanukia. Wakaweka mbele ya kila mgeni. Sahani ya kwanza ilikuwa ya Profesa.

Mama Mwaba akasimama. Akatoa karatasi kwenye kitenge chake akasoma namba zote, za tuta la kwanza na la pili, polepole, kwa Kiswahili, halafu akampa mpwa wake azisome kwa Kifaransa. Kisha akakunja karatasi.

“Professeur, ulituambia iko safi. Kula.”

Mama, nilikuwa nyuma, nilimwona. Alishika uma. Aliushika muda mrefu. Hata dereva wa wageni aliacha kutafuna. Kisha akauweka chini.

“Sina njaa,” akasema.

“Sisi tuko nayo,” akajibu Mama Mwaba. “Na tulikula hii mwaka nzima.”

Halafu wanawake wote wakainuka, zaidi ya arobaini, wakaingia mashambani na kung'oa. Hawakupiga kelele. Yalisikika majani tu. Mgeni mmoja, mama mmoja mzee wa kizungu, aliomba ile karatasi, akaipiga picha, akaniuliza jina langu. Nilimpa.

Jana nimeitwa faculté. Mbegu imesimamishwa “kwa sababu za kiufundi”. Jina langu halipo popote. Na défense yangu imewekwa tarehe 27 Septemba, kwa amri ya doyen, mkuu wa faculté, lakini Profesa atakaa kwenye jury. Amesema ataleta ile barua. Ikisomwa, watasema mwanafunzi huyu alikana kazi yake mwenyewe, na ukurasa utafutwa.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu ilivyo.

Kapinga


Kasenga
9 Agosti 2024

Kwa Bwana Doyen wa faculté
Nakala: Professeur Casimir

Bwana Doyen,

Mimi niko Mujinga, mama ya Kapinga Christiane. Nauzisha samaki ku Kasenga. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa secondaire, basi mutanisamehe namna ya kuandika.

Kuko na barua ya tarehe 20 Aprili, yenye jina ya mutoto wangu, inaomba pardon. Barua ile haikuandikwa na Kapinga. Niliiandika mimi. Maneno ilikuwa ya Professeur Casimir, alinisomea ku téléphone, mukono ulikuwa wangu, na woga ulikuwa wangu. Kapinga hakujua kitu. Mulinganishe mwandiko wa barua hii na ile, mutaona.

Najua kutia jina ya muntu mwingine iko kosa. Kama kuko na azabu, muniite mimi. Nitapanda lori nitakuja.

Professeur, ulinisaidia wakati nilikuwa mujane. Sitasahau, na sitakana. Lakini haukunipa mutoto ili ukuje kumuchukua sauti. Ulinipigia simu juu ulijua mimi niko na woga, na ulijua sababu yake, juu wewe pia ulilala ku gare ya Likasi. Wewe na mimi tulitoka pale na kichwa chini. Mutoto wangu hakulala pale. Sitamupeleka.

Pardon ile naiondoa. Yote.

Mujinga
(niliandika mwenyewe, mbele ya pasteri Stéphane, naye ametia sahihi)


Lubumbashi, Hewa Bora
30 Septemba 2024

Mama yangu,

Naanza na matokeo ili usome kwa amani: nimepita. Kumi na nne juu ya ishirini. Ukurasa wa jeni umebaki, haukufutwa hata mstari. Profesa hakutia signature, alitia doyen mwenyewe. Na wale wanaotunza hifadhidata wamenijibu. Niliwatumia mlolongo wa yale majina yaliyonakiliwa, ulinganisho wangu, na namba za Nono. Wameuliza maswali tisa, nikajibu tisa. Jina la zamani limeondolewa. Sasa mtu yeyote duniani akiitafuta jeni hii ataambiwa inapandisha madini kwenye majani, na chini yake ataona kwamba ushahidi unatoka Lubumbashi.

Si yote ni furaha. Profesa amewaambia watu kanisani kwamba sina shukrani, na wawili hawanisalimu tena. Nafasi ya usaidizi wa mwalimu chuoni niliyoahidiwa amepewa mwingine. Wajukuu wa Mama Mwaba wamepimwa mkojo. Mkubwa, Plamedi, ana kadimiamu nyingi, na daktari amesema afuatiliwe miaka yote. Nilipomwambia Mama Mwaba samahani, alinishika bega akasema, “Ungekuja mwakani, ingekuwa bajukuu bote.” Sijui kama nimefarijika. Wameanza kupanda mboga kwenye udongo mwingine, upande wa juu, mbali na maji yanayoleta madini, na sasa hawachukui mbegu ya mtu kabla hawajauliza nani aliyeipima.

Sasa nikusimulie défense yenyewe.

Chumba kilijaa. Akina mama wa Kasungami walikuja ishirini na wawili, wamekaa mistari miwili ya mbele na vitenge vya sare, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wahame. Profesa alitoa ile barua ya Aprili. Kabla hajaifungua, doyen akasoma yako. Yote, mpaka “sitamupeleka”. Alisoma kama ulivyoandika, hakusahihisha neno. Profesa alitazama meza. Kwa mara ya kwanza niliona ni mzee, na nikamwona kijana wa gare ndani yake, Mama, na nikamsikitikia kweli. Lakini sikurudi nyuma.

Akairudisha barua ndani ya mkoba. Akasubiri mpaka wengine wote wakamaliza kuuliza. Mwisho akainua kichwa, na sauti yake ikawa ileile ya zamani, ya darasani.

“Mademoiselle, hifadhidata ni ya watu wote, sawa. Lakini majani yale yalikuwa ya mradi wangu. Nani alikupa ruhusa ya kuyapima?”

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitazama mistari miwili ya mbele.

“Wenye kuyakula, Professeur.”

Kapinga wako